Uji Hauliwi

"Nani alimlisha huyu?"

Muuguzi mkuu aliuliza akiwa amesimama katikati ya korido, mikono kiunoni, kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa kwenye foleni ya dawa kule mwisho. Watu wakageuka kutazama. Msusi aliyekuwa ameketi kwenye benchi, chupa tupu ya uji mapajani, hakujua kama swali linamhusu. Mume wake, fundi vioo, alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi hiyo kushonwa mkono. Kioo cha dirisha kilimponyoka kikamkata kwenye kifundo, vidole viwili vikakataa kukunja, na madaktari wakasema mishipa ikiunganishwa mapema atarudi kazini kama kawaida. Mkono tu. Kwa hiyo aliposikia habari za kulisha alidhani anatafutwa mtu mwingine.

"Wewe si mke wa yule wa mkono?"

"Ndiye mimi, sista."

"Mumeo ulimlisha nini?"

"Sikumlisha kitu."

"Usinidanganye, mama. Daktari anafyonza uji kwenye mapafu ya mtu sasa hivi. Uliingiaje?"

Msusi akaitazama ile chupa. "Uji nilimpa. Lakini hajala."

Mtu mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. Muuguzi mkuu akamgeukia msaidizi wake. "Umemsikia? Mtu kajazwa uji mpaka shingoni, halafu hajala." Akaondoka zake, viatu vikilia sakafuni, akamwacha msusi na macho ya watu, asijue hata kama mumewe ni mzima. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Walikuwa na haraka ya kumpata mkosaji kabla ya kumwambia kama mume wake anapumua.

Na alikuwa amesema kweli. Jana yake jioni sista wa wodi alipita kitanda kwa kitanda, akamwambia, "Kesho asubuhi asile kitu mpaka atoke kupasuliwa," kisha akahamia kitanda kinachofuata. Basi. Mwenye lugha hii anajua kwamba kula ni neno lenye mikono mirefu. Mtu anakula kiapo, anakula hasara, anakula njama, anakula rushwa, wakubwa wanakula likizo. Lakini uji hauliwi. Uji unanywewa. Mtu aliyekunywa uji wake asubuhi, ukimuuliza kabla ya mchana kama amekula, atakwambia bado, na hatakuwa mwongo. Wauguzi na madaktari wa hospitali ile walikuzwa kwa uji huohuo na kwa maneno hayohayo, ila mtu akishavaa sare husahau alivyokuwa akisema kwa mama yake.

Uji wenyewe hakuupika msusi. Aliupika mama mkwe, anayeishi nao nyumba moja, alfajiri, kwa mkono wake.

"Wamesema asile, mama," msusi alimwambia.

"Nani kasema ale? Nimepika wali mimi? Uji ni maji. Mwanangu hatakwenda kukatwa na tumbo tupu."

Msusi aliona ni sawa. Akaubeba. Fundi vioo akanywa vikombe viwili, akafuta masharubu kwa mkono ule mzima, akasema, "Mwambie mama leo sukari imekubali." Kisha wakaja na kitanda cha magurudumu kumchukua.

Alipokuja kuruhusiwa kumwona, ilikuwa kwa kupitia kioo cha mlango wa chumba cha mahututi. Mpira ulikuwa umetoka mdomoni mwake, umebandikwa kwa plasta mashavuni, umekwenda kuunganishwa na mashine iliyokuwa ikimpandisha kifua na kukishusha. Mdomo umevimba. Jino la mbele halipo. Msusi alitafuta mkono ule kwa macho, akaukuta juu ya shuka umefungwa bendeji ileile ya jana, na doa la damu lilelile. Mkono hawakuugusa.

Wifi yake alifika mchana na mama mkwe. Huyu wifi ni dada wa fundi vioo, mwenye duka la vifaa vya shule, na alizoea kuzungumza na watu kama wanafunzi waliokuja kubadilisha daftari.

"Nimeambiwa tangu getini," alisema. "Wifi, kweli umemlisha kaka yangu?"

"Alikunywa uji."

"Uliambiwa nini wewe?"

"Niliambiwa asile."

"Ukaona umfanyie majaribio. Mtu anasema hapana, wewe unasema ngoja tuone." Wifi akachungulia kioo, akageuka machozi yakimtoka, na machozi yale yakamzidishia hasira. "Kaka yangu akifa, sikiliza, nyumba ile utatoka na hao watoto utawaacha. Siwezi kumwachia watoto mtu wa namna hii. Mama, si kweli?"

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na ukuta, mtandio mdomoni. Msusi akamtazama. Chupa ilikuwa palepale kwenye benchi, chupa ya mama mkwe, yenye kifuniko cha kijani kilichomeguka pembeni, ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuitumia bila kumwomba.

"Tumwombe Mungu tu," mama mkwe alisema.

Msusi alingoja aongeze neno. Hakuongeza.

Kufikia kesho yake alikuwa na jina jipya. Mlinzi wa getini ndiye aliyeanza, au labda naye alilisikia kwa wengine: "Mama Uji, fungua mkoba." Akapekua kila kitu, chanuo, nyuzi za kusukia, kitambaa cha kujifuta jasho, akanusa hata chupa ya maji. Nyuma yake watu walipita bila kupekuliwa, na mmoja alikuwa na sufuria. Mfagiaji wa wodi akamwita hivyohivyo kwa upole, akidhani ndilo jina lake. Kwenye dirisha la dawa kijana wa dawa alimwambia mwenzake, "Hii ya Mama Uji itoe haraka." Jina likashika. Alijikuta anaitikia, na kila alipoitikia alijichukia.

Nyumbani kibarazani, pale anaposukia watu, wateja walikuja zaidi kuliko siku zote, lakini hawakuja kusuka. Walikaa. Waliuliza. Mmoja, nusu ya kichwa ikiwa imeshasukwa, alimwambia, "Lakini na wewe dada, si ungemwaga tu huo uji njiani?" Msusi akavuta msuko ule kwa nguvu mpaka mwanamke akainua mabega, kisha akaomba radhi na kuendelea kusuka kimya. Ndani, mama mkwe alikuwa akiosha vyombo, na kelele za vyombo zilikoma kila mazungumzo yalipofika kwenye uji.

Angeweza kusema. Neno moja tu lingemtosha. Wengine walidhani baadaye kwamba alinyamaza kwa heshima, na heshima ilikuwemo kidogo, maana yule mama alimpokea vizuri alipoolewa. Lakini zaidi ilikuwa hasira. Alitaka mama mkwe aseme kwa kinywa chake mwenyewe, bila kusukumwa. Kumsemea ingekuwa kumbebea tena chupa yake.

Daktari wa usingizi, yule anayelaza watu kabla ya kupasuliwa, alimkuta msusi kwenye benchi lilelile. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu, mwenye mkoba wa chakula mkononi ambao alionekana hajaufungua. Alisita, kisha akaketi.

"Mama, kuna mtu amekueleza kilichotokea?"

"Nimeelezwa nilichofanya mimi."

Daktari akakuna kidevu. "Basi nikueleze. Mtu akipigwa nusu kaputi misuli yote inalala, hata ile ya kupumua. Kwa hiyo tunapitisha mpira kooni, unaingia kwenye njia ya hewa, mashine inampumulia mpaka tumalize. Sasa kule kooni kuna njia mbili. Ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma. Ukiwa macho kuna kifuniko kinachojua kazi yake, ukimeza kinafunga ya hewa. Ukilala usingizi ule, nacho kimelala. Tumboni kukiwa na kitu, kinapanda, kinakuta mlango wazi."

"Uji."

"Uji. Nilipomfungua mdomo kwa kile chombo chetu chenye taa, ulikuwa umeshajaa. Sikuona kitu. Mpira wa kwanza ukaenda njia ya chakula. Nikautoa, nikafyonza, nikajaribu tena, wa pili ukaingia penyewe. Jino lilivunjika hapo. Na nadhani kile chombo au mpira umekwaruza pale sauti inapotokea. Akiamka anaweza akawa hana sauti."

"Itarudi?"

"Nyingi hurudi. Sikuahidi."

Msusi alishukuru. Daktari huyu alikuwa mtu wa kwanza kukaa chini alipozungumza naye, na kwa sababu hiyo alijisikia kuuliza lile lililokuwa limemkaa rohoni. "Kabla hujamlaza, wewe hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Amelala mezani pale, nikamwambia, fundi, umekula? Akaniambia hapana, daktari."

Msusi akamgeukia mzima mzima. "Yeye mwenyewe alisema hapana?"

"Yeye mwenyewe."

"Aliyeunywa kwa mdomo wake."

"Ndiyo."

"Basi mbona mwongo ni mimi? Umewaambia kwamba hata yeye alijibu hivyo?"

Daktari akautazama mkoba wake wa chakula. "Sijaulizwa, mama."

"Na mimi sikuulizwa," msusi alisema. "Nilichoulizwa nilikijibu. Wewe unajua, umekaa nalo, unangoja kuulizwa. Mimi ninaitwa Mama Uji na walinzi."

Daktari akaushusha mkoba sakafuni. Aliondoa miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha ikiwa chafu vilevile. Msusi akamuuliza neno moja la mwisho, kwa kuwa aliona anataka kuinuka. "Hivi mkono, daktari. Mkono mpaka mtu alale mwili mzima?"

"Si lazima. Unaweza kutiwa ganzi wenyewe, kuanzia begani, mtu yuko macho anapiga soga. Ila anayeijua vizuri hiyo sindano hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

"Likizo."

"Kumbe huyo ndiye aliyekula," msusi akasema.

Kikao kilifanyika ofisini kwa muuguzi mkuu. Viti vilikuwa vya kutosha watu wote isipokuwa mmoja, na aliyekosa kiti ni msusi. Alisimama karibu na kabati. Daktari mpasuaji alikuwepo, mtu mnene mwenye haraka, simu ikitetemeka mezani mbele yake kila baada ya muda mfupi. Wifi aliketi mbele. Mama mkwe aliketi pembeni yake, akisokota pindo la mtandio. Daktari wa usingizi hakuitwa.

"Tumewaita ili tuelewane," muuguzi mkuu alisema, "pasije pakawa na manung'uniko huko mbele. Familia ilipewa maelekezo, familia ikayavunja. Kwa hiyo gharama za mashine na za siku zote hizi za mahututi, mzigo ni wa familia. Tunataka mhusika aseme mwenyewe mbele ya ndugu wa mgonjwa."

Wote wakamtazama msusi.

"Sema tu nilimlisha, yaishe," daktari mpasuaji alisema bila kuinua macho kwenye simu.

"Nilimnywesha."

"Tofauti yake nini?"

"Kama hakuna tofauti, kwa nini mlisema moja?"

Daktari mpasuaji akainua macho sasa, akatabasamu. "Huyu mama angefaa mahakamani."

"Wifi, usituaibishe," wifi akasema. "Watu wamesoma hawa. Uji unaingia mdomoni, unashuka tumboni. Hicho si chakula ni nini?"

"Wifi, wewe leo umekula?"

"Maswali gani hayo?"

"Nakuuliza tu. Umekula?"

"Nitakula saa ngapi na mimi niko hapa tangu asubuhi?" wifi alisema kwa ukali, akanywa funda jingine la chai ya maziwa aliyokuwa amepewa na sista, iliyobaki nusu glasi mbele yake.

Hakuna aliyelishika jibu lile. Msusi mwenyewe alilisikia likipita, akataka kulikamata, lakini muuguzi mkuu alikuwa ameshagonga meza kwa kalamu.

"Tuache michezo. Uji huo aliupika nani?"

Simu ya daktari ikatetemeka, akaizima. Msusi hakumtazama mama mkwe, kwa makusudi kabisa, akautazama ukuta, akangoja. Alisikia mtandio ukisokotwa. Alisikia mama mkwe akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, kisha pumzi ile ikatoka hivihivi bila neno.

"Umetoka nyumbani," msusi akasema.

"Kwako?"

"Kwetu."

"Basi tumeelewana," muuguzi mkuu akasema, akasimama. Hakuna aliyekuwa ameelewana na mwenzake. Mlangoni mama mkwe alimshika msusi kiwiko, akanong'ona, "Mungu akubariki, mkwe wangu," na msusi akaukung'uta mkono ule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumfanyia hivyo, wala hakujuta. Shukrani ya sirini, na lawama hadharani. Alitamani kupiga kelele pale koridoni mpaka vioo vya madirisha vipasuke, na fundi wa kuvibadilisha yuko mle ndani na mpira kooni.

Mpira ulitolewa. Fundi vioo alikohoa, akakohoa tena, akapelekwa wodi ya kawaida na kitanda cha karibu na dirisha. Sauti haikuwepo. Yule mtu aliyekuwa akipaza vipimo kutoka juu ya ngazi mpaka mtaa wa pili unajua dirisha lako lina upana gani, alitoa hewa tu yenye mikwaruzo. Msusi aliinama mpaka sikio likamgusa mdomo.

"Mkono?" alisema.

"Bado."

Alifumba macho, akafikiri. "Sasa walinitengeneza nini?"

Msusi alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akajifuta kwa kitambaa chake cha kazi chenye mafuta ya nywele. Wifi na mama mkwe walikuwa upande wa pili wa kitanda. Alikuwa amejiapiza kwamba hatasema neno mbele yao. Mume wake yu hai, hiyo inatosha, angemeza mengine.

Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja mwenye ngiri, mwenye kofia ya sufu hata kitandani, ambaye ilikuwa zamu yake kwenda kupasuliwa, na mjukuu wake wa kike, mwenye sare ya shule, alikuwa akingoja mlangoni. Sista akaja na msukuma kitanda. Ni sista yuleyule wa jioni ile.

"Mzee, umekula?"

"Sijala, mwanangu."

"Vizuri. Twende."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Msusi aliona mwili wake ukisimama wenyewe.

"Babu, samahani," akasema. "Chai umekunywa?"

"Chai nimekunywa," mzee akasema kwa furaha. "Mjukuu wangu kaniletea asubuhi. Na mkate wa siagi. Binti mwema sana yule."

Kitanda kikasimama. Sista alibaki na mkono kwenye chuma chake, rangi ikimpotea usoni.

"Mzee, si nimekuuliza kama umekula?"

"Umeniuliza. Nikakwambia sijala." Mzee akamtazama huyu, akamtazama yule, asielewe kosa liko wapi. "Nimekula nini mimi? Nimekunywa chai. Chakula chenyewe hapa hakijapita bado."

Hapo msusi akapaza sauti. Hakupaza kwa kupenda, ilikuwa imekaa sana. "Mwiteni muuguzi mkuu. Mwiteni aje koridoni, asimame vilevile, mikono kiunoni, aulize nani kamlisha huyu mzee. Mlangoni kuna binti, ni mtoto wa shule. Mwiteni Binti Chai. Pekueni mkoba wake. Mwambieni babu yake akifa ni yeye."

Wodi nzima iliinuka kwa viwiko. Muuguzi mkuu hakuhitaji kuitwa, sauti ilimfikia. Daktari wa usingizi naye alikuwa amefika mlangoni, amekuja kuona kwa nini mgonjwa wake anachelewa.

"Kuna nini hapa?"

Sista akasema kwa sauti ndogo, "Mzee amekunywa chai na mkate. Nilimuuliza, akasema hajala."

Muuguzi mkuu akafungua mdomo, na msusi aliona neno wongo likija na kusimama kwenye ulimi wake, kwa kuwa mzee yule alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi na hakuna mtu ambaye angemwita mwongo mbele ya wodi.

"Hata yule wa mkono," daktari wa usingizi akasema, na safari hii hakuna aliyekuwa amemuuliza, "nilimuuliza hivyohivyo mezani. Akanijibu hivyohivyo. Mkewe hakudanganya mtu. Sisi ndio hatukuuliza."

"Daktari, hayo tutazungumza ofisini."

"Ofisini sikuitwa."

Muuguzi mkuu akamwagiza sista amrudishe mzee mahali pake, apasuliwe kesho. Kisha akamgeukia msusi. Wodi ilingoja. Msusi naye, Mungu amsamehe, alingoja, kwa kuwa bado kulikuwa na sehemu ndani yake iliyoamini kwamba mtu mzima akikosea husema nimekosea.

"Mama, punguza sauti," muuguzi mkuu alisema. "Hii ni wodi ya wagonjwa."

Akaenda zake.

Ilikuwa wakati ule fundi vioo, ambaye hakuwa na habari ya kikao wala jina la Mama Uji wala lolote zaidi ya kwamba uji ulimpanda kooni, alimpungia mama yake kwa vidole vile vinavyokunja. Mama mkwe akainama. Wifi naye akainama, asikose neno la kaka yake.

"Mama," fundi vioo alikwaruza, akijaribu kutabasamu kwa ule mdomo wenye pengo. "Uji wako. Mtamu kuingia. Kutoka, mh."

Wifi akainuka polepole. "Uji wa nani?"

Mama mkwe akauvuta mtandio mdomoni.

"Mama. Uji wa nani?"

"Wangu," mama mkwe akasema.

"Uliupika wewe? Ulikuwa umekaa pale ofisini pembeni yangu, namtukana mke wa watu, na umeupika wewe?"

"Niliogopa." Yule mama alianza kulia kama wanavyolia wazee, bila sauti, kidevu kikitikisika. "Niliona akifa nitakuwa nimemuua mwanangu. Ningeanzaje kulisema hilo?"

"Na mimi je, mama?" msusi akauliza. Hakupaza tena. "Mimi ulinionaje? Uliona mimi siogopi?"

Fundi vioo aliwatazama mmoja mmoja, akiwa hawezi kuuliza kwa sauti kumetokea nini, na kwa mara ya kwanza tangu waoane mkewe hakuwa na hamu ya kumweleza.

Mwenye sindano ya ganzi alirudi kutoka likizo, amenenepa. Alimtia fundi vioo ganzi ya mkono, akashonwa akiwa macho, akimsikiliza daktari mpasuaji akizungumza na simu. Kidole kimoja kilikubali kukunja baadaye. Cha pili kilikuwa kimengoja mno. Sauti ilirudi nusu, ya kuzungumzia mezani, si ya kutoka juu ya ngazi. Gharama za mashine hakuna aliyezitaja tena, na radhi hakuna aliyeomba. Lakini masista wa wodi ile sasa walipita kitanda kwa kitanda wakiuliza, umekula, umekunywa, umetafuna, umelamba, na wagonjwa walicheka. Masista waliliita swali la Mama Uji. Kwa hiyo hata jina halikumtoka.

Kabla ya fundi vioo kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari wa usingizi alikuja kutazama koo. Akasema kidonda bado hakijakauka vizuri, kwamba vitu vyepesi vitampalia na kurudi kulekule mapafuni. Chai asinywe kwanza. Apewe uji, lakini uwe mzito, kwa kijiko, kidogo kidogo, ameketi wima.

Mama mkwe alikuja siku hiyo na chupa yake ya kifuniko kilichomeguka. Aliiweka juu ya kabati dogo la kitanda, akatoa bakuli, akatoa kijiko, akavipanga, kisha akasimama mbele yavyo bila kugusa kitu. Wifi alikuwepo, lakini mama hakumtazama wifi. Alimtazama mkwe wake.

"Nimpe?" aliuliza.

Msusi alikuwa akikunja shuka. Hakuwa amesamehe. Alimaliza pembe ya kwanza, akamaliza ya pili, akaliweka shuka lile kitandani na kulinyoosha kwa kiganja.

"Mlishe tu, mama," alisema. "Siku hizi uji unaliwa."